Hodi Kwanza, Bendeji Baadaye

Hotuba ya muuguzi mstaafu mbele ya wauguzi vijana, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na familia zinazouguza, mjini Lindi. Imeandikwa kama ilivyosemwa, imepunguzwa kidogo.

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, nawaitikia hata kabla hamjaniamkia, maana jua hili la Lindi likishafika hapo mlangoni hakuna atakayenisikiliza.

Nimeombwa niseme juu ya uuguzi wa nyumbani na namna unavyotolewa. Nilitaka kuanza na maana ya neno, kama tulivyofundishwa chuoni. Usiku nikabadili mawazo. Naanza na mfuko wa mkojo.

Miaka hiyo kulikuwa na mzee wa Kitunda, ng'ambo ya maji hapa Lindi. Tezi dume ilimbana hata mkojo ukaziba, akaletwa hospitali, akawekewa mpira wa mkojo, akapata nafuu, akaruhusiwa aende kwake akasubiri siku ya upasuaji. Siku ya tano binti yake akanipigia simu: baba ana homa, anaongea maneno hayaeleweki. Nikavuka maji jioni ile. Nimeingia chumbani, mzee amelala, na juu ya kichwa chake, kwenye boriti, umening'inia mfuko wa mkojo. Umefungwa kwa kamba ya nailoni, fundo zuri kabisa, fundo la mvuvi. Nikamuuliza binti, mwanangu, nani kautundika huko? Akanijibu kwa fahari: "Mimi, sista. Nimeuweka juu kama mlivyoweka ile chupa wodini."

Mmeelewa? Wodini aliona dripu. Dripu inatundikwa juu ili maji yashuke kwa mgonjwa. Mfuko wa mkojo unakaa chini ya kibofu ili mkojo ushuke kutoka kwa mgonjwa. Mkojo haupandi mlima. Kwa siku tano ulikuwa unarudi ulikotoka, na kilichokuwamo kwenye ule mfuko kikarudi nao. Mzee tulimrudisha na kivuko cha mwisho, alipona, lakini alikaa wodini wiki mbili ambazo hakustahili kukaa.

Sasa, karatasi ya kumruhusu yule mzee ilikuwa na sahihi ya muuguzi aliyempa maelekezo. Sahihi ilikuwa yangu. Nilimwambia binti "mfuko uwe unamwagwa ukijaa", nikampa pole, nikaenda kwa mgonjwa mwingine, maana wodi ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa peke yangu. Sikumwambia juu wala chini. Kwangu lilikuwa jambo la wazi mno kiasi cha kutohitaji kusemwa.

Basi uuguzi wa nyumbani niliouelewa mimi ni huo. Sisi wa hospitali tuna zamu: asubuhi, mchana, usiku, ukichoka mwenzako anakupokea. Yule binti alikuwa zamu zote tatu, hana sare, hana cheti, na mafunzo aliyopata yalikuwa kuangalia kwa macho yale tuliyokuwa tukifanya sisi bila kumweleza. Mgonjwa akishatoka getini, muuguzi wake ni huyo. Mimi ninayekwenda nyumbani kwake mara mbili kwa wiki sihamishii wodi kule. Nakwenda kumfanya yeye aweze.

Na ukienda, unakwenda kama mgeni. Vijana hili halimo kwenye mtihani. Wodini mgonjwa ndiye mgeni: unamwambia vua shati, geuka, ndugu tokeni nje. Nyumbani kwake hayo hayapo. Unapiga hodi, unangoja ukaribishwe, unavua viatu, unasalimia wote, hata yule bibi aliyekaa pembeni anamenya ming'oko kana kwamba hakukuona. Huyo ndiye atakayeamua kama kesho utafunguliwa mlango.

Hapa kwetu kusini kuna na jambo la mjomba. Wamwera, Wamakonde, Wamakua, tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana neno. Nimeshaona muuguzi kutoka mkoa mwingine, kijana hodari, anamweleza baba wa mgonjwa kwa saa nzima kwamba mguu lazima uende hospitali. Baba anaitikia ndiyo, ndiyo, sawa daktari. Kesho yake mgonjwa yupo palepale. Baba hakuwa mwongo, ila hakuwa mwenye kauli. Mjomba alikuwa Nachingwea kwenye ufuta wake na hakuna aliyempigia simu. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kufungua mkoba, uliza kwa heshima: kwenye nyumba hii, jambo kubwa likitokea, anaulizwa nani? Andika jina na namba ya simu kwenye kumbukumbu zako, palepale panapoandikwa presha.

Ukishakaribishwa, itazame nyumba. Wodini tathmini ni joto, mapigo, presha, mkojo. Nyumbani utapima hayo yote, lakini utatazama pia maji yanatoka wapi na ni umbali gani, choo kipo hatua ngapi na kina pa kushika au hakina, mgonjwa analalia nini. Kitanda cha kamba nakipenda, nimezaliwa juu yake, lakini mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza kikimlalisha juma moja bila godoro, kamba zile zitamwandika mgongoni. Vidonda vya kulalia huanza hivyo. Kiunoni nyuma, nyongani, kisiginoni, popote mfupa ulipo karibu na ngozi.

Vitabu vinasema utafute wekundu. Sasa niambieni, mgongo wa mzee wa Kimakonde utauonaje wekundu? Ngozi yetu haisemi kwa rangi hiyo. Tumia mkono. Papasa: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au laini kama embe lililopondeka? Pamekuwa peusi zaidi kuliko jana? Hapo kidonda kimeshaanza chini hata kama juu hakijatokeza. Wala usipasugue kwa mafuta ukidhani unasaidia damu itembee, unaua nyama iliyokwisha kuumia. Mwondolee uzito tu. Mgeuze kila saa mbili. Kisigino usikiwekee mto, weka mto au kanga iliyokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani. Kanga mbili zinatosha, na hakuna nyumba ya Lindi isiyo na kanga mbili.

Nisogee kwenye mkoba. Mkoba wa muuguzi wa nyumbani hauwekwi chini, hauwekwi kitandani. Unatandika gazeti, unauweka juu yake. Unatoa sabuni yako na kitambaa chako, unanawa, ndipo unaingiza mkono ndani kutoa vitu. Ukimaliza unanawa tena kabla ya kurudisha. Sindano iliyotumika inaingia kwenye sanduku la usalama na unaondoka nalo. Hauiachi kwenye kopo la watu, wala hauitupi chooni kwao. Na ratiba ya siku ina mpangilio wake: unaanza kwa mama aliyejifungua na mtoto mchanga, unamalizia kwa mwenye kidonda cha usaha au kikohozi cha kifua kikuu. Anayepanga ziara kwa kufuata bodaboda inakopita ataubeba ugonjwa wa nyumba ya kwanza mpaka ya nne.

Naomba nikae kidogo kwenye matende, kwa sababu ni ugonjwa wa pwani yetu na kwa sababu hakuna mahali pengine nilipoona uuguzi wa nyumbani ukifanya kazi waziwazi namna ile. Kingatiba tunazomeza zinapunguza minyoo iliyomo kwenye damu na kuwakinga watoto wetu. Hilo jema, mezeni. Mabusha yanapasuliwa na mtu anarudi kuwa mtu. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haurudi kwa kunywa dawa. Watu wakishaambiwa hivyo wanakata tamaa, wanaufunika kwa kanga, wanajificha nyumbani. Nilikuwa na mama mmoja kata za Mtama, miaka saba hajakwenda harusini wala msibani. Kila mwezi mguu ulikuwa unawaka: homa, baridi, mtoki, siku nne au tano hajiwezi. Jirani wanasema karogwa.

Tulichomfanyia hakikuwa na sindano. Beseni, sabuni ya mche, maji ya kawaida, kitambaa kikavu cha pamba. Nilikaa chini kwenye mkeka, mguu wake juu ya mapaja yangu, nikauosha kuanzia gotini kushuka, kila mkunjo, taratibu, bila brashi. Halafu katikati ya vidole. Hapo ndipo siri ilipo. Ngozi za katikati ya vidole zilikuwa zimelowa, zimekuwa nyeupe, zimechanika, na kwa mipasuko ile wadudu walikuwa wanaingia kila mwezi kama watu wanaoingia nyumba isiyo na mlango. Tukasuuza mpaka maji yakawa meupe. Tukakausha, na vidoleni tukakausha tena kwa kipande chembamba cha kitambaa, tukapaka dawa ya fangasi. Tukamfundisha kuinua mguu akikaa, kuchezesha kifundo mara kadhaa kwa siku, kuvaa kiatu kilicho wazi kisichobana. Mara ya pili aliyeosha ni binti yake, mimi natazama. Mara ya tatu mama mwenyewe. Mara ya nne nilikwenda nikakuta beseni limeanikwa juani na nikaambiwa nikae ninywe uji, kazi imekwisha fanyika.

Mguu haukurudi kuwa mwembamba. Ila homa za kila mwezi zilikatika, harufu ikaisha, na mwaka ule ule alikwenda kwenye ngoma ya mjukuu wake. Gharama yote ilikuwa sabuni. Na mtu wa kukaa chini kwenye mkeka, ambaye nakiri si rahisi kumpata kama sabuni.

Kazi hii haikuanza kwetu wala haikuanza jana. Liverpool, Uingereza, mwaka 1859, mfanyabiashara William Rathbone alimwajiri muuguzi Mary Robinson, aliyekuwa amemuuguza mkewe mpaka akafa, awatembelee maskini wagonjwa majumbani mwao. Inasimuliwa kwamba baada ya muda mfupi Mary alitaka kuacha, kwa mateso aliyoyaona. Akashawishiwa, akabaki. New York mwaka 1893 Lillian Wald alianza hivyohivyo kwenye vyumba vya wahamiaji. Leo huko Marekani, bima ya serikali ya wazee, Medicare, inalipia muuguzi wa nyumbani kwa masharti: huduma iagizwe na daktari au mtaalamu aliyeidhinishwa, mgonjwa awe hawezi kutoka nyumbani bila taabu kubwa, na mpango wa huduma upitiwe upya kila siku 60. Siwaambii tuige Marekani. Nimependa neno moja tu hapo: mpango. Kule ziara ni kazi iliyoandikwa, si hisani.

Hapa kwetu huduma inafika nyumbani kwa njia ambazo nitazitaja upesi, wengi mnazijua. Ipo inayotoka kituoni au hospitalini, ambako muuguzi anafuatilia mgonjwa aliyeruhusiwa. Hii inategemea watumishi na mafuta ya pikipiki, na mnajua vyote viwili vilivyo. Wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wale wa zamani walianza na wagonjwa wa Ukimwi, kabla dawa hazijaenea, wakiosha watu ambao ndugu waliogopa kuwagusa. Wengine mpo humu na mimi nawavulia kofia. Sasa kuna mpango mpya uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kufikisha wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, wanaosoma miezi sita. Na ipo ya kulipia, muuguzi anakubaliana na familia.

Kuhusu hawa wawili wa mwisho nina maneno. Mhudumu wa jamii si muuguzi. Anatambua dalili, anaelimisha, anafuatilia dawa, anatoa rufaa. Ukimkuta anachoma sindano au anabadilisha mpira wa mkojo, kosa si lake peke yake, ni la aliyemwachia. Na wewe muuguzi usimdharau, maana yeye anaishi mtaa ule na usiku wa manane atagongewa yeye.

Kwa wale wa kulipwa: familia, mwulizeni leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Atakayekasirika kwa kuulizwa, mwacheni aende na hasira zake. Muuguzi naye asiagizwe kufua nguo za nyumba nzima kwa sababu "si unalipwa". Kubalianeni kwa maandishi, hata karatasi ya daftari: siku gani, saa ngapi, kazi gani, shilingi ngapi, na akiugua yeye anakuja nani. Nimeona undugu ukivunjika kwa kukosa hiyo karatasi. Najua pia kwamba huku fedha zina msimu. Korosho ikiuzwa kuna hela ya muuguzi, ikifika Machi hakuna hata ya nauli. Panga ziara zako ukijua hilo. Nenda mara nyingi mwanzoni, fundisha haraka, punguza, ili hela ikiisha ujuzi uwe umeshabaki ndani ya nyumba.

Na hapa nina ombi kwa wakubwa, kama yupo atakayelifikisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ziara ya muuguzi nyumbani ihesabiwe kuwa huduma, na ilipiwe kama kitanda kinavyolipiwa. Yule mzee wa Kitunda angegharimu nauli ya kivuko na nusu saa yangu. Aligharimu wiki mbili za dawa za mshipa.

Nilitaka niseme pia kuhusu insulini kwa wasio na jokofu. Kwa ufupi: chupa iwe ndani ya mfuko mkavu wa nailoni, mfuko ndani ya chungu kidogo, chungu kikae kwenye chombo kikubwa chenye mchanga uliolowa, mahali penye kivuli na upepo. Bibi zetu walipoozesha maji hivyo. Insulini isigande, isipigwe jua. Nikimaliza anayetaka kuona aje, chungu nimekileta.

Kuna wagonjwa ambao hawatapona. Hao ndio wengi wetu tunawakwepa, hatujui tuseme nini. Huduma yao inaitwa tiba shufaa, na sehemu yake kubwa ni nyumbani. Nilimwuguza mama wa saratani ya mlango wa kizazi, mwenye miadi Dar es Salaam. Ilikuwa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vikakata barabara kule Somanga, mabasi yakasimama. Hatukuwa na pa kwenda. Tulikuwa na morfini ya kunywa, kidogo, na ushauri wa daktari kwa simu. Jambo moja nililomfundisha mumewe ni saa. Dawa hii haingoji maumivu, inatolewa kwa saa, moja ikikaribia kuisha nguvu nyingine inafuata. Mume alikuwa mtu wa msikitini, hakosi swala. Akaniambia, "Basi sista, nitaifuata kama adhana." Akaifuata. Akachora mistari ukutani kwa mkaa, kila dozi mstari, na kila siku ananisomea ukuta wake kwa simu. Nimejaza fomu nyingi maishani, sijaona kumbukumbu safi kama ule ukuta. Dawa ya choo tulimpa pamoja, maana morfini hufunga tumbo na hilo peke yake ni mateso. Mama alikufa barabara ikiwa imeshafunguliwa, nyumbani kwake, amelala. Mume alinizuia nisiupake chokaa ule ukuta.

Na yeye mume alikuwa mgonjwa wangu wa pili. Kila ninapoingia nyumba ya mgonjwa natafuta mtu aliyekonda zaidi, na mara nyingi si yule aliye kitandani. Ni binti aliyeacha biashara ya mihogo, au mkwe anayeamka mara nne usiku. Namwuliza, wewe umekula? Umelala lini? Halafu namtafuta shangazi, kaka, jirani, namwomba usiku mmoja kwa wiki. Usiku mmoja tu. Nikishaomba mbele ya mjomba hakuna anayekataa.

Naona jua limeshafika mlangoni. Yule binti wa Kitunda mnataka kujua yuko wapi. Yupo, ni mama mtu mzima sasa, na mtaani kwao mtu akirudi na mpira wa mkojo anaitwa yeye kwanza kabla yangu. Kesho nakwenda kwake, kuna mzee mwingine. Nahitaji vijana wawili wa kwenda nao: mmoja abebe sanduku la usalama, mmoja aje na mikono mitupu, atazame. Tukutane kivukoni saa moja kamili. Saa moja na nusu mtanikuta nimeshavuka.